Nani Anayelizeesha Gari la Lufingo?

Wapo wachumi wetu wanaopenda kutufundisha kwamba gari kuukuu ni mzigo wa kujitakia. Ukiamua kubaki na Corolla ya mwaka 1983, wanasema, gharama zake ni zako, usimlilie mtu. Hoja hiyo huenda ikasikika vizuri Dodoma. Ukiifikisha kwetu Lufingo, wilayani Rungwe, inakwama kwenye tope.

Ninayo Corolla ya namna hiyo, KE70 yenye injini ya 4K. Injini yenyewe hainidai makubwa. Platini, plagi na kabureta hushughulikiwa na fundi mwenye spana chache chini ya mparachichi, bila kompyuta yoyote, na ndiyo maana watu wa huku hawaziachi gari hizi. Kinachonimaliza ni vya chini: bushi, boljointi, shokapu. Ukiacha lami ukaingia njia za ndani, zile zinazopita kwenye migomba kuelekea kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, bushi mpya haimalizi masika mawili. Aliyeivunja si mhandisi wa Toyota. Ni mashimo.

Basi tuulize mashimo hayo yamelipiwa na nani. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, nasi tukapiga makofi. Ikafidia kwa kuongeza shilingi 40 katika kila lita ya mafuta, mafuta ya taa yakiwemo. Hata bibi mwenye koroboi, asiyemiliki gurudumu lolote, akaanza kuchangia ada ya magari. Mwaka 2021 zikaongezwa shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli, tukaambiwa waziwazi kuwa ni za barabara za vijijini.

Itazame mantiki yake. Ada ya zamani ilihesabiwa kwa ukubwa wa injini. Tozo hizi huhesabiwa kwa kiu yake. Gari linalokunywa lita 10 kwa kilomita 100 limelipa shilingi 1,400 kwa nyongeza hizo mbili. Linalokunywa lita 5 limelipa 700. La kwanza ni langu na la mwalimu jirani yangu. La pili ni la mwenye uwezo, apitaye kwenye lami. Na kwenye tope, kwa gia ya kwanza, kiu huzidi.

Tutaambiwa tununue jipya. Kwa njia gani? Gari dogo kutoka Japani likishatimiza miaka 10, bandarini huongezewa ushuru wa asilimia 30 kwa sababu ya umri tu, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Mkulima anayeweza kumudu la miaka 12 hufukuzwa sokoni, akarudi kulifunga waya lake la miaka 40. Ushuru uliotungwa kupunguza magari chakavu ndio unaoyabakiza barabarani yaliyo chakavu zaidi, na bado tunauita ulinzi wa mazingira.

Sidai msamaha wa kodi. Nadai hesabu. Katika zile shilingi 100 za kila lita, ni ngapi zimefika Lufingo, na zimechimba mtaro upi, zimemwaga kifusi wapi? Karatasi moja yenye tarakimu ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, mahali ambapo muuza maziwa ataisoma. Risiti zangu za petroli na za bushi ninazo zote katika bahasha moja, tayari kwa kulinganisha.