Huo Mti wa Mathe Unahitaji Kisu, Si Maji

Wasee, wacha niseme mapema ndio mnitukane mkiwa bado na nguvu: huo mti wa jedi umezeeka kwa veranda ya wazazi wako haufi juu mmeusahau. Unakufa juu mnauheshimu sana.

Wetu una miaka 19. Mathe aliletewa kitawi kimoja kwa mkebe wa Kasuku, mwaka alifungua saluni yake. Tangu hapo tumehama nyumba 3, na kila mara mti ndio huingia kwa pikapu wa mwisho, ukiwa umeshikwa na mtu. Sai shina ni nene kama mkono wangu. Na sheria ni moja tu: haukatwi. Ati ni mti wa pesa, ukiukata umekata riziki.

Januari ukaanza kuinama. Majani yakawa ya njano, laini, ukiyagusa tu yanaanguka. Na kila mtu kwa hiyo nyumba alikuwa na dawa moja: maji. Mathe akitoka kazini, maji. Auntie akikuja kutusalimia, maji. Hata mimi, maji.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo mchana mzima niko kejani nikirekodi video. Nikaanza kusoma kuhusu huo mmea. Nilipomwambia mathe tuukate na tuubadilishie udongo, akaniangalia akasema, "Hujamaliza kozi, sasa unataka kunifunza maua?" Iliuma, sitadanganya. Lakini sikujibu. Nikainua ile ndoo ya rangi ya lita 20, nikamwambia anuse. Ilinuka kama mtaro. Ndoo haikuwa na hata shimo moja chini. Miaka yote hiyo maji yalikuwa yanaingia na hayana pa kutokea.

Hapo ndipo alinyamaza. Akaleta kisu mwenyewe.

Sasa sikiza, juu hii ndio sehemu watu hawajui. Jedi haijatoka Uchina, hata kama muuzaji wa kando ya barabara anakuambia ni mti wa bahati wa huko. Jina lake la kisayansi ni Crassula ovata, na kwao ni Afrika Kusini na Msumbiji, kwa miteremko ya mawe na jua kali. Huweka maji kwa majani na shina, na hufungua vitundu vyake vya kupumua usiku ndio mchana isipoteze maji. Tawi likivunjika na kuanguka chini, linaweza kutoa mizizi na kuwa mti mwingine. Huo mmea umezoea kuvunjika. Wewe ndiye unaogopa.

Tulivyofanya ni hivi. Kisu kikali, kimepanguswa na spiriti. Angalia tawi, utaona alama kama pete, hizo ni pingili, mahali majani yalikuwa. Kata juu kidogo ya pingili, juu hapo ndipo machipukizi mapya hutokea, mara nyingi mawili. Anza na matawi marefu yaliyolegea. Usipite thuluthi moja ya mti kwa siku moja.

Kisha tukautoa kwa ndoo. Mizizi mizuri ni migumu na myeupe au ya kahawia nyepesi. Iliyooza ni myeusi, inateleza, inanuka. Hiyo yote kata. Udongo wa zamani tukautupa. Kama unaishi pande za Kitengela ama Embakasi, ule udongo mweusi unaonata usiuweke peke yake, unashika maji kama sponji. Sisi tuliweka sehemu moja ya udongo na sehemu moja ya mchanga mzito wa mto na kokoto ndogo. Chungu cha udongo, chenye shimo, kikubwa kidogo tu kuliko mizizi iliyobaki. Chungu kizito kinasaidia pia juu jedi ya zamani ina kichwa kizito, upepo unaiangusha.

Halafu usimwagie maji. Ngoja kama wiki moja, vidonda vya mizizi vikauke.

Hapo kwa kungoja ndipo mimi nilianguka. Tulipata vitawi 9, kila kimoja urefu wa kidole. Vilitakiwa kukaa kivulini siku kadhaa hadi pale palipokatwa pafunge, kisha ndio vipandwe. Mimi nilitaka video ya haraka, nikapanda 3 siku hiyo hiyo na nikavimwagia. Vyote 3 vikaoza. Vile 6 mathe alikuwa amelaza juu ya gazeti nyuma ya saluni vyote vilishika. Kwa hivyo mwenye hajasomea maua alinifunza pia, na alinikumbusha mara kadhaa.

Hata jani moja linaweza kuwa mti. Ling'oe zima, na kitako chake, liache likauke, lilaze juu ya udongo mkavu kiasi. Lakini hiyo ni kazi ya miezi. Usifanye haya yote Julai, kile kibaridi cha Nairobi hufanya mmea ulale na udongo haukauki. Na kama una paka ama mbwa, weka mbali, jedi ni sumu kwao.

Sai ni wiki 10. Mti uko mfupi, na mwanzoni ulikaa vibaya, mathe aliufunika na leso wageni wakikuja. Lakini kwa kila mahali tulikata kuna vichipukizi viwili vyekundu kwa ukingo. Vile vitawi 6, vinne vimeenda kwa wateja wake. Kimoja kiko kwa auntie. Cha mwisho kiko kwa dirisha langu, ndani ya mkebe wa Kasuku, wenye mashimo.

Najua mnangoja niseme maisha ni kama jedi. Siwezi. Kuna watu walikatwa na hawakuchipuka, na si makosa yao. Ninachosema ni kidogo kuliko hapo: kitu ambacho hakuna mtu anaruhusiwa kugusa, hakuna mtu anakichunga. Na kabla ununue mmea mpya wa kupiga nao picha, uliza nyumbani ni nani ana mti wa zamani. Omba kitawi.

Leo ukifika nyumbani, ingiza kidole kwa udongo wa mti wa mathe. Kama bado kuna unyevu, weka hiyo jagi chini. Kisha angalia kama kuna shimo.