Presha ya damu twaipima, ya wayo je?

Mtu akitaja presha hapa Magongo, iwe kwa kinyozi au ndani ya matatu iendayo mjini, kila asikiaye hufikiria damu. Neno hilo tulilikopa, na lilipotungiwa mwenzake la Kiswahili, yaani shinikizo, nalo likaposwa na damu upande mmoja na siasa upande wa pili. Ninalotaka kulizungumzia leo, ndugu msomaji, ni shinikizo lisilo na mposaji: lile liupatalo wayo kila mguu unapokanyaga chini. Nalileta mbele ya walimu na wanafunzi kwa sababu naamini kutolijua kwetu kunawapotezea miguu wagonjwa wa kisukari ambao wangeweza kubaki nayo.

Jirani yangu mmoja ni mwalimu mstaafu. Aliishi na kisukari miaka mingi, akipunguza wanga na kumeza vidonge kwa nidhamu ileile aliyowafunza watoto wa mtaa huu. Siku moja mjukuu wake aliona doa la damu kwenye champali. Chini ya wayo, penye shina la kidole gumba, palikuwa na kidonda kisichozidi sarafu ya shilingi kumi. Zahanati aliyokwenda ilimwosha, ikamfunga bandeji safi, ikamwambia arudi kila asubuhi. Naye alirudi kila asubuhi, kwa miguu, kilomita moja kwenda na nyingine kurudi. Nilikutana naye njiani.

"Shikamoo Mwalimu. Kidonda chaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Hakiniumi hata chembe. Nadhani chapona."

Nami, mwenye shahada ya uzamifu, nilimpongeza kwa kutembea, kwani sote tumesikia kwamba mazoezi ni dawa ya sukari. Miezi mitatu baadaye alikatwa mguu chini ya goti. Husema kwamba sasa anakaa Magongo na kutembelea magongo. Mzaha huo ni wake, si wangu. Mimi sijaweza kuucheka.

Hebu tuyatazame yaliyopita mguuni mwake. Kilomita mbili ni hatua zipatazo 2,600, hivyo kila mguu hukanyaga takriban mara 1,300. Mimi na wewe, kokoto ikiingia kiatuni, maumivu hutufanya tuchechemee, tubadili mkanyago, tukae. Mtu aliyeishi na kisukari muda mrefu huenda mishipa yake ya fahamu imeharibika. Mguu umekufa ganzi, twasema, na kitenzi hicho tumekichagua vyema. Basi hukanyaga palepale, kwa uzito uleule, siku nenda siku rudi, na hakuna kinachomzuia.

Ngozi hujihami kwa kuota sugu, na hapa lugha yetu yatuhadaa. Sugu kwetu ni sifa: mpagazi wa bandarini na mkulima wa Kwale huionea fahari. Kwenye mguu wenye ganzi, hata hivyo, sugu ni sawa na kokoto iliyogandishwa wayoni. Huzidisha shinikizo, na nyama iliyo chini yake hupondeka na kuvuja damu ilhali juu ni pakavu. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba kuiondoa kulipunguza kilele cha shinikizo kwa asilimia 26. Kazi hiyo ni ya muuguzi au daktari aliyefunzwa, si ya wembe wa nyumbani, wala ya zile dawa za kuunguza zinazouzwa vibandani.

Twapenda kusema kwamba sukari imemshukia mtu miguuni. Kauli hiyo ina ukweli, kwani sukari iliyozidi huharibu mishipa ya fahamu na ya damu, na huwapa nguvu wadudu wa kidonda. Lakini humsahaulisha mgonjwa ardhi anayoikanyaga. Kosa hili lina historia. Daktari Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914, alianza kuwatibu wenye ukoma huko Vellore katika miaka ya 1940, wakati ambapo wengi waliamini kwamba nyama ya mwenye ukoma huoza yenyewe. Brand alibaini kwamba kilichopotea kwanza ni maumivu, na kwamba vidonda vingi vililetwa na majeraha na mikanyago isiyohisiwa. Alipohamia Carville, Louisiana, katika miaka ya 1960, maarifa hayo yalienezwa kwa wagonjwa wa kisukari.

Tiba yake kuu ni kukiondolea kidonda uzito. Mahali penye utaalamu, mguu hufungwa plasta ngumu inayofika karibu na goti, ikausambaza uzito, mradi damu inafika vizuri na kidonda hakijaingiliwa sana na wadudu. Huko Marekani, uchunguzi wa mwaka 2001 ulilinganisha plasta hiyo na buti maalumu linaloweza kuvuliwa. Waliopona katika wiki 12 walikuwa asilimia 89.5 kwa plasta na 65 kwa buti. Sababu si ngumu kuikisia: kinachovulika huvuliwa. Wagonjwa wengine walipofuatiliwa baadaye, ilionekana kwamba buti lilikuwa mguuni kwa asilimia 28 tu ya hatua walizopiga. Ningekuwa na wanafunzi wangu hapa ningewaambia kwamba mgonjwa asiyehisi maumivu hawezi kulaumiwa kwa kusahau. Maumivu ndiyo yanayotukumbusha sisi wengine.

Sitarajii kila zahanati ya Changamwe iwe na plasta hiyo. Lakini kumwambia Mwalimu apande bodaboda kungegharimu nini? Au kumwazima magongo mapema, ili asiyahitaji baadaye?

Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa mwenye ganzi ki kiatuni mwake. Viatu vya akala vyazuia miiba na vigae, ila soli yake ni ngumu na misumari yake huchomoza. Fundi stadi aweza kuilaza misumari na kutandika ndani mpira laini. Champali zamchomoka asiyehisi vidole. Kiatu kizuri kimfunike vidole na kimpite urefu kwa sentimita moja au mbili. Asikichague kwa kuhisi, maana mwenye ganzi hupenda kinachobana, kwa kuwa ndicho pekee anachokihisi. Atie mkono ndani kabla ya kuvaa. Na asitembee pekupeku, hata sebuleni. Najua desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni, nami siipingi. Awe na vingine safi vya ndani. Anayetawadha mara tano kwa siku ana fursa tano za kutazama nyayo zake na kukausha baina ya vidole.

Jirani zetu wametutangulia. Katika miaka ya 2000, Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliendesha mradi wa mafunzo ya miguu, wakimfundisha daktari pamoja na muuguzi wake. Huku kwetu neno nyayo limeimbwa majukwaani tangu 1978 na hata kuandikwa kwenye wodi za hospitali. Nyayo zenyewe zimetazamwa kwa nadra.

Mwanafunzi wetu wa sekondari aweza kuchora kongosho na kueleza kazi ya insulini, akapata alama zote, huku nyanya yake akiwa na kidonda ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Mwalimu wa bayolojia angeweza kumtuma nyumbani na kazi moja tu: atazame nyayo za mzee wake, agusie kwa mgongo wa mkono kama upande mmoja una joto kuliko mwingine, aandike alichokiona. Kazi ya dakika tano.

Mjukuu wa jirani yangu huifanya kila jioni kwa mguu uliosalia. Juma lililopita aliona wekundu kwenye kisigino na kumzuia babu yake kutoka nje, naye Mwalimu akalalamika hadi barabarani tukamsikia. Wekundu uliisha siku ya nne.