Programu Huria, Mlango Mmoja wa Barua

Mkaazi wa Likoni hahitaji kuelezwa maana ya kutegemea njia moja. Kwa miaka mingi, feri ilipokwama kazi zilikwama, wanafunzi wakachelewa na wagonjwa wakangoja ufuoni. Barabara ya Dongo Kundu, izungukayo kutoka Miritini, haikuiondoa feri. Ilimpa mwenye gari hiari. Hiari ya namna hiyo ndiyo inayokosekana katika jambo ambalo walimu wetu wengi hawajalitia maanani, nalo ni utumaji wa majarida kwa barua pepe.

Tuchukue programu ya uchapishaji iitwayo Ghost, iliyoanzishwa mwaka 2013 na John O'Nolan na Hannah Wolfe. Ni programu huria: yeyote aweza kuichukua bure, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuiweka katika mtambo wake mwenyewe. Kwa mwalimu wa Kisauni au Changamwe atakaye kuwatolea wanafunzi jarida la insha na mashairi bila kumpigia magoti mchapishaji, hiyo ni neema. Hata hivyo neema ina mpaka. Barua za moja moja, kama ile ya kumwezesha msomaji kuingia, huweza kupitia kwa msafirishaji yeyote. Jarida lenyewe, liendalo kwa wasomaji wote kwa pamoja, liliundiwa kampuni moja tu, Mailgun, iliyoanzia Marekani.

Kwa hiyo bei ikipanda, akaunti ikifungwa au kadi ya benki ikikataliwa, jarida hunyamaza ilhali programu ni nzima. Tena kuna anwani za wasomaji, ambao huenda ni watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtwika mwenye orodha wajibu wa kuzilinda, naye hana usemi juu ya nani azibebe.

Yamkini mtu atauliza: kwa nini asizitume kwa mtambo wake? Hapo pana ugumu wa kweli. Google na Yahoo zilikaza masharti kwa watumaji Februari 2024, na barua itokayo katika mtambo usiojulikana aghalabu huishia katika kapu la taka. Msafirishaji mwenye sifa anahitajika.

Watetezi wa njia moja wana hoja, nami siidharau. Programu haitumi tu. Hurudi kuuliza barua ipi imefika, ipi imerudishwa, nani amelalamika, na kila kampuni hujibu kwa namna yake. Kuzihudumia kumi ni mzigo kwa watunzaji. Lakini programu iyo hiyo imekwisha kuacha nafasi ya kubadilisha ghala la picha: mtu huandika kiunganishi chake, akakichomeka. Barua nazo zingeweza kufanyiwa vivyo hivyo. Watunzaji wabaki na Mailgun yao, na wanaozihitaji Amazon SES, Postmark au Brevo waandike viunganishi vyao na kuvitunza wenyewe.

Ruhusa ya kuanza haina haja ya kuombwa. Leseni ya MIT imekwisha kuitoa. Mwanafunzi wa kompyuta avukaye daraja la Nyali kila asubuhi kwenda Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, aweza kuifanya kazi hii mradi wake wa mwaka wa mwisho, na mwalimu wa Likoni akaijaribu kwa jarida la darasa moja kabla shule hazijafungwa.