Feni ya gari: pima kwanza, spea baadaye

Leo tuache programu tuingie chini ya dashibodi.

Hapa Likuyani, feni ya AC ikifa utasikia, "Huku ni baridi, feni ya nini?" Sikubaliani kabisa. Feni hiyohiyo ndiyo inayopuliza hewa kwenye kioo cha mbele. Msimu wa mvua, alfajiri, gari limejaa watu wenye nguo zilizolowa, linatoka Matunda kwenda Kitale: bila feni kioo kinafunga ukungu, na dereva anafuta kwa kiganja huku malori yakimjia. Hiyo si anasa jamani.

Kinachoniudhi ni matengenezo yenyewe. Fundi anasema mota imeisha, unanunua mota. Bado. Anasema swichi, unanunua swichi. Huko ni kubahatisha kwa pesa ya mwenye gari. Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa huohuo: tunabadilisha mistari ovyo mpaka programu ikubali, halafu hatujui ni upi uliosaidia.

Mimi huanza na kile ambacho bado kinafanya kazi. Lalamiko la kawaida ni hili: namba 1, 2 na 3 zimekufa, 4 inapuliza. Basi jibu umeshapewa! Kwenye gari lenye swichi ya kuzungusha, spidi ndogo hupatikana kwa kupitisha umeme kwenye rezista. Namba 4 huiruka rezista na kuipa mota umeme wote. Kwa hivyo fyuzi ni nzima, na mota inazunguka. Mshukiwa ni rezista au plagi yake, mara chache swichi. Rezista hukaa ndani ya njia ya hewa, karibu na feni, kwa sababu upepo ndio unaoipoza. Chujio likijaa vumbi, upepo unapungua na rezista inaungua. Mota iliyochoka nayo huvuta umeme mwingi na kuichoma vilevile. Ukiweka rezista mpya bila kuangalia hayo mawili, utarudi dukani. (Gari ambalo AC yake hujirekebisha yenyewe mara nyingi lina transista mahali pa rezista, na dalili zake ni tofauti.)

Je, kama namba zote zimezima? Tazama fyuzi, kisha pima kwenye plagi ya mota, swichi ikiwa namba 4. Ukipata karibu volti 12 kati ya nyaya zake mbili na mota haizunguki, mota ndiyo mbovu. Usipozipata, kosa liko kwenye relei, nyaya, swichi au pale waya hasi unapofungwa kwenye bodi.

Lakini pima plagi ikiwa imechomekwa! Waya ulioliwa na kutu ukabaki uzi mmoja utakuonyesha volti 12 plagi ikiwa imechomolewa, kwa kuwa hauna mzigo. Chomeka mota, volti zinaanguka. Ni kama programu inayopita majaribio yote kwenye kompyuta yangu, kisha inalala watu mia wakiingia pamoja. Hapo ile taa ya balbu ya mafundi wa jua kali, ambayo wasomi huicheka, ina faida yake: huvuta umeme kidogo, kwa hivyo haidanganywi kirahisi kama mita.

Na fyuzi: ikiwa kifuniko kinasema 30, usiweke 40, wala ile karatasi ya kung'aa ya sigara. Fyuzi inalinda waya. Ikiungua tena na tena kuna kitu kinavuta umeme kupita kiasi, na ukiinyamazisha, kitakachoungua ni waya ulio mbele ya magoti ya abiria.

Mita ya bei ya chini ni rahisi kuliko mota mpya. Fundi akija kwangu bila mita wala taa ya kupimia, simpi ufunguo.