UFUNDI WA NYUMBANI: Hesabu meno mbele ya kununua

Jioni moja kijana wa hapa Bukavu alifika kwangu na uso wa kilio. Kamionete yake, Hilux ya zamani yenye magurudumu manne ya kuvuta, ilivunja meno ya ponti ya nyuma akitoka Kamituga na mzigo. Akanunua kuroni na pinyo za mtumba, fundi akafunga, gari ikatembea. Siku ya mvua, karibu na Mwenga, akashika 4x4, akatoka matopeni vizuri. Kisha akasahau kuitoa, akaendelea kwenye njia kavu. Kelele, halafu kimya. Sanduku la 4x4 ndilo liliharibika. Feza ya masomo ya wadogo zake njo ilienda kule.

– Baba, lakini zote ni za Toyota!

– Mwanangu, viatu vyote pia ni viatu. Unaweza kuvaa 40 mguu huu na 44 mguu ule?

Kuroni ni lile gurudumu kubwa la meno ndani ya ponti. Pinyo ni ile ndogo inayosukumwa na kardani. Gawanya meno ya kuroni kwa meno ya pinyo. 37 kwa 9 ni 4,11. 41 kwa 9 ni 4,56. Hesabu kubwa inapanda milima na mzigo, lakini motere inalia sana kwenye njia nzuri. Hesabu ndogo inakimbia, ila inachoka mlimani. Ukiweka 4,56 nyuma na 4,11 mbele, nyuma ikizunguka mara 100, mbele inataka 111. Matopeni tairi zinateleza, hakuna shida kubwa. Kwenye ardhi ngumu, kitu lazima kivunjike.

Kwenye Toyota angalia kibamba cha kiwanda ndani ya kofia ya motere, mstari wa C/TR/A/TM: ile A ni ponti. Lakini kibamba kinasema gari ilizaliwa namna gani, hakijui mafundi watatu waliopita.

Kwa hiyo chukua chaki. Simamisha gari pahali sawa, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi zinazobaki chini, kwa sababu vitesi itakuwa huru na breki ya mkono itakuwa imetolewa. Inua gurudumu moja tu la nyuma, tia gogo imara chini ya ponti. Asilale mtu chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake, hata dakika moja! Piga alama kwenye tairi na kwenye kardani. Zungusha tairi mara 20 kamili, mwenzako ahesabu kardani akiwa pembeni. Gawanya kwa 10, si kwa 20: tairi ya pili ikiwa imesimama, ile ya juu inazunguka mara mbili kwa mzunguko mmoja wa kuroni. (Ponti yenye kufunga tairi zote mbili itakataa kuzunguka, hiyo ifunguliwe, meno yahesabiwe kwa macho.)

Mbele ni vilevile, ila vifungio vya magurudumu vifungwe kwanza, na 4x4 iwe imetolewa.

Tulifanya hivyo uani kwangu, watoto wakihesabu kwa sauti. Mbele: 41. Nyuma: 45 na nusu na kidogo. Kijana akakaa juu ya jiwe, hakusema neno. Sasa anatafuta 37 kwa 9, na chaki haitoki mfukoni mwake.