Pikapu inapogonga mbele: usinunue kipuri kabla ya kusikiliza

Lipo tatizo moja ambalo wenye pikapu wengi wanalifahamu vyema. Gari la familia, aghalabu Toyota Hilux, limeinuliwa na kufungwa matairi makubwa ili lipite njia za shamba bila kukwama. Baada ya miezi michache upande wa mbele huanza kugonga: ko-ko-ko kwenye matuta, au ka-ka-ka wakati wa kukata kona. Mwenye gari hubadilisha shokapu, mlio haukomi. Hubadilisha bushi, mlio uko pale pale. Fedha iliyowekwa kwa ada ya watoto huishia dukani kwa vipuri, na mama wa nyumba bado anasita kupanda na wanawe. Ana haki ya kusita, kwani baadhi ya milio hiyo ni kero tu, na mingine ni onyo la gurudumu kutaka kuanguka.

Kwanza tuelewe gari lilipoinuliwa lilifanyiwa nini. Katika Hilux nyingi zilizotoka tangu mwaka 2005, springi ya mbele imefungwa pamoja na shokapu, nayo husimama juu ya mkono wa chini wa gurudumu. Haisimami kwenye ncha ya mkono huo bali katikati yake. Kwa sababu hiyo kipande cha chuma cha milimita 25 kikiwekwa juu ya springi, gari huinuka takriban maradufu ya kiasi hicho. Lakini shokapu haikurefuka. Nafasi iliyoachwa kiwandani ili gurudumu lishuke shimoni imetumiwa kuliinua gari, na gurudumu likishuka sasa, shokapu hufika mwisho wake na kugonga. Aidha, ekseli za mbele hufanya kazi zikiwa zimepinda zaidi, na bolijointi hukaa kwa pembe ambayo haikukusudiwa.

Uchunguzi uanze na kisichogharimu kitu. Kaza nati za magurudumu yote, na uzitazame. Rimu za aloi za Toyota zenyewe hutumia nati zenye washa bapa, ilhali rimu za chuma hutumia nati zenye ncha ya mchongoko. Aliyebadilisha rimu na kubakiza nati za zamani aweza kudhani amekaza, kumbe rimu haikushikwa sawasawa. Kisha tikisa kwa mkono bampa, ngao ya chini ya injini, jeki na kila kilichoongezwa baadaye. Vitu hivi vimewahi kulaumiwa kwa jina la bolijointi mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Hatua ya pili ni kuuliza: mlio unakuja wakati gani? Pita kwenye tuta dogo la barabara polepole, magurudumu yote mawili ya mbele yapande kwa pamoja. Kisha pita tena kwa namna ya gurudumu moja tu kupanda. Ikiwa mlio unasikika zaidi pale gurudumu moja linapopanda peke yake, mshuku stabilaiza na linki zake, maana chuma hicho hufanya kazi pale magurudumu mawili yanapotofautiana. Ikiwa kishindo huja baada ya tuta, gurudumu linaposhuka, yamkini ni shokapu kufika mwisho, au mkono wa juu kugusa springi. Tafuta mahali rangi ilipochubuka na chuma kung'aa. Hapo ndipo panapogongana.

Halafu pita njia ile ile yenye mashimo madogo huku ukigusa breki kwa wepesi, bila kusimamisha gari. Mlio ukikoma, tatizo liko kwenye pedi za breki au kaliperi iliyolegea. Kadhalika kishindo kimoja kila unapotoka nyuma kwenda mbele mara nyingi ni pedi zinazohama mahali pake, ama bushi iliyochoka.

Mlio wa kona una kipimo chake. Tafuta uwanja wa udongo ulio wazi, kata usukani hadi mwisho, na uzunguke polepole kulia, kisha kushoto. Sauti ya ka-ka-ka inayoongeza kasi pamoja na gurudumu ni dalili ya sivi jointi ya nje. Weka gari kwenye magurudumu manne yanayosukuma na usikilize tena. Jointi iliyokwisha hulia zaidi inapobebeshwa nguvu. Jaribio hili lisifanyike kwenye lami, kwa kuwa mfumo huo hujikaza penye ardhi ngumu. Kwa magari ya zamani yenye habu za kufungwa kwa mkono, kuna ushahidi mzuri zaidi: zifungue habu. Ekseli zikiacha kuzunguka na mlio ukaendelea, sivi jointi haina hatia.

Sasa tufike penye hatari. Weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma, inua gari kwa jeki iliyowekwa chini ya mkono wa chini, na uweke stendi imara. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukitoweka, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni bolijointi. Kisha shika tairi kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo huelekea kwenye tairodi na mashine ya usukani. Mwisho, tia mtaimbo chini ya tairi na uinue kidogo kidogo huku mwenzako akiitazama bolijointi ya chini. Ikionekana kupanda na kushuka ndani ya kikombe chake, gari lisitoke hapo lilipo mpaka ibadilishwe. Bolijointi ya chini ikichomoka, gurudumu hulala, usukani hauna kazi tena, na dereva hana la kufanya. Jambo hilo likitokea mwendo wa kilomita 80 kwa saa, huku familia imo ndani na pengine watoto wamekaa nyuma kwenye bodi, hakuna ustadi utakaowaokoa.

Likishajulikana tatizo, mwenye gari amkumbushe fundi mambo mawili. La kwanza, boliti za bushi za mpira zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, likibeba uzito wake. Zikikazwa gari likiwa linaning'inia, mpira hubaki umejipinda siku zote na huchanika mapema, na mlio hurudi. La pili, gari likapimwe upya mwelekeo wa magurudumu.

Na kama vipimo vyote vinaonyesha kwamba urefu wenyewe ndio unaokula ekseli na bolijointi, usione haya kulishusha. Kipande chembamba zaidi, au springi na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili ya urefu huo, hugharimu mara moja. Kubadilisha vipuri kwa kubahatisha hugharimu kila mwezi.

Kwa muhtasari: nati zilizolegea, tairi linalocheza, au usukani unaovuta upande mmoja pamoja na mlio, ni sababu tosha ya kuacha gari na kupanda basi. Milio mingine yaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Anayebeba familia hana budi kujua tofauti hiyo kabla ya kuwasha injini.