Chupa nyekundu ya kuzima moto ikizeeka, tuipeleke wapi?



Jumamosi ya salongo tulikuwa tunazibua mfereji huku Kadutu. Ndani ya takataka tukatoa chupa tatu nyekundu za kuzima moto, zile tunaitaka extincteur. Moja imeoza chini na kutu, mbili bado ziko na kishikio. Mtoto mmoja anayeokota vyuma, labda wa miaka 12, akazikimbilia mbele yetu. Akachukua jiwe, anataka kupiga kichwa cha chupa kitoke, juu mnunuzi wa vyuma hapokei chupa yenye kichwa. Tulimpokonya kwa nguvu. Alikasirika, na tunamwelewa: kwake hicho ni chakula cha siku.

Halafu akatuuliza: "Sasa nizipeleke wapi?" Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu. Wengine wetu tulisoma kemia miaka mitano, leo tunauza unite kwenye meza kando ya barabara. Basi tuseme angalau kile diplome ilitufundisha.

Chupa hiyo si debe. Ile ya poda iko na gazi ya azoti inayosukuma poda kwa presha inayokaribia bar 15. Tairi ya gari ndogo iko na 2 hivi. Ile ya CO2, yenye pembe nyeusi mdomoni, inapita bar 50 hata kwenye kivuli, na ukiiacha juani presha inapanda mbio. Ukiipiga au kuikata, kichwa kinaweza kuruka kama risasi.

Watu wanasema: "Hii imeisha, ona mshale uko kwa zero." Mshale unaweza kukwama. Tena kuna chupa ambazo hazina kale kasaa ka mshale hata kidogo, juu gazi yake imefungiwa ndani ya kachupa kengine kadogo tumboni. Siku mtu anabonyeza, presha yote inaingia mara moja, na kama chini kumeoza na kutu, chini ndiko kunapasuka. Hayo yamekwisha kuua watu hata Ulaya, wenye mafundi na sheria kali.

Poda yenyewe, mara nyingi ni fosfati ya amonia. Kuigusa hakuui mtu, lakini inawasha macho na kifua, na ukiimwaga mferejini inashuka mpaka ziwa Kivu, ambako fosfati inalisha majani ya majini. Plastiki zetu tayari zinaziba mitambo ya umeme ya Ruzizi, hiyo haitoshi? Kuna mwenye atasema: kama ni fosfati, si ni mbolea? Kweli, kwingine viwanda vinaigeuza mbolea, lakini vinaitengeneza kwanza, juu imepakwa silikoni ili isishike maji. Usiimwage kwenye sombe ya mama. Zile za povu, nyingi za zamani ziko na kemikali za fluori ambazo haziozi. Na ukikuta imeandikwa halon 1211, usiifungue kabisa: gazi hiyo inakula tabaka ya ozoni, na kwa mapatano ya Montreal ya 1987 dunia iliacha kuitengeneza, nchi kama yetu zikiwa za mwisho, 2010.

Sasa, juu ya nini chupa mbovu zimejaa mjini? Dereva akisimamishwa anaulizwa: "Extincteur iko wapi?" Haulizwi kama inafanya kazi. Inatosha iwe nyekundu. Kwa hiyo anatafuta ya bei ya chini. Dereva mmoja wa taksi alituonyesha yake: rangi mpya, karatasi mpya, lakini tulipoinyanyua ilikuwa nyepesi kama bidon tupu. Chupa ambayo haikuharibiwa vizuri haifi, inapakwa rangi na kurudi sokoni. Ndiyo maana hatutaki mtu aseme hii ni habari ya takataka tu. Huku nyumba za mbao zimeshikana, gari la kuzima moto halina pa kupita, dakika ya kwanza ndiyo inaokoa avenue nzima. Mtu akiipoteza akipigana na chupa tupu, ingekuwa afadhali ukuta usingekuwa na kitu, angekimbilia mchanga au maji.

Sheria hazikosekani. Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi kwenye mazingira safi. Kifungu cha 54 kinasema uchafuzi unaoletwa na shughuli za uchumi lazima ulipwe au urekebishwe. Sheria 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inaongeza: mwenye kuchafua ndiye anayelipa.

Basi walipe. Tunadai kila mwenye kuuza chupa mpya apokee ya zamani, bila kumtoza mnunuzi. Tunadai viongozi wa mji watoe sehemu moja yenye kufungwa, na mafundi waliofunzwa: watoe presha polepole, poda waikamate kwa mfuko, wafungue kichwa, watoboe chupa isirudi tena sokoni. Hapo chuma kinaweza kuenda kwa wafua mbabula, na yule mtoto apate bei yake akiwa na vidole vyote kumi. Kazi hiyo kijana aliyesoma kemia anaweza kujifunza. Ndiyo, tunajitaja wenyewe, bila haya.

Kwa sasa, ukiwa na chupa mbovu nyumbani: usiikate, usiitupe mferejini wala kwenye takataka zinazochomwa. Pini ibaki mahali pake. Iweke imesimama, kivulini, mbali na jiko na watoto. Yenye kutu chini, usiibonyeze hata kwa kujaribu. Andika juu yake MBOVU kwa herufi kubwa, asije mtu akaitegemea.

Yule mtoto tulimchangia bei ya vyuma vyake. Chupa zake tatu ziko nyuma ya nyumba ya mwenzetu mmoja, zimesimama juu ya matofali, chini ya bati. Mama yake anatuuliza kila asubuhi zitatoka lini.